Kinyago cha Shule ya Mwisho

Siku niliyoripoti kazini kwa mara ya kwanza, Kikole, nilikuwa na sanduku la bati, godoro la sufi na cheti cha ualimu wa daraja la tatu A nilichokizungushia kanga ili kisilowe njiani. Mwalimu Mkuu alikuwa mzee wa Kimatumbi, mrefu, mwenye kofia ya viua iliyofifia rangi. Nilimwamkia, akaitika marahaba, akaipokea barua yangu ya kupangiwa kazi na kuitia mfukoni bila kuifungua.

"Binti yangu, unaweza kufundisha darasa la tatu na la nne kwa pamoja?"

"Chuoni hatukufundishwa hivyo, mwalimu."

"Chuo umeshamaliza. Njoo nikuonyeshe."

Akanipeleka darasani, akachukua chaki na kupiga mstari wima katikati ya ubao. Kushoto akaandika hesabu za darasa la tatu, kulia kazi ya lugha ya darasa la nne. Mtindo huo tuliuita kufundisha madarasa ya kuunganisha: hawa unawapa zoezi huku ukiwaeleza wale, kisha unageuka. Ukizubaa, upande mmoja unasinzia na mwingine unaanza kupigana. Nilifundisha hivyo mpaka mchana, na jioni nilikuwa hoi kama niliyeshinda shambani na jembe.

Sisemi zamani kulikuwa na raha. Kitabu kimoja kiligombewa na benchi zima, na mshahara ulipochelewa tulikula muhogo wa kukopeshwa na wazazi wa wanafunzi wetu. Lakini upungufu uliitwa upungufu. Mkaguzi wa shule, ambaye siku hizi anaitwa mdhibiti ubora, alikuja kwa pikipiki yake akiwa amejaa vumbi, akalala kwa Mwalimu Mkuu, akala tulichokula. Asubuhi alikaa nyuma ya darasa langu na kukagua andalio la somo, yaani mpango wa kipindi kimoja, kisha azimio la kazi, ambalo ni mpango wa muhula mzima. Mwisho alituita sote ofisini.

"Mwalimu Somoe, andalio lako ni zuri. Tatizo wewe ni mmoja na madarasa ni mawili," alisema. "Nitaandika kwamba shule hii haijatimiziwa ikama. Msijilaumu kwa kosa la ofisi yetu."

Ikama ni idadi ya walimu ambayo shule inatakiwa kuwa nayo kulingana na watoto wake. Kila mwalimu kijana analijua neno hilo, lakini sidhani kama wengi wenu mmewahi kumsikia mkubwa akitamka yale maneno mengine: kosa la ofisi yetu. Mimi nimeyasikia mara moja katika utumishi wangu wote, na nimemkumbuka yule mkaguzi kwa wema mpaka leo.

Kutoka Kikole nilihamishiwa Nyangamara, nikafundisha darasa la kwanza kwa miaka mingi. Huko nilijifunza kwamba mahudhurio hayafuati kengele ya shule, yanafuata mpunga. Mpunga ukianza kukomaa, familia zinahamia mashambani kulinda ndege na ngedere, na mtoto anakwenda na mama yake. Mwalimu mwenye akili hupanga azimio lake la kazi akilijua hilo, masomo magumu anayaweka kabla ya watu kuhama. Baadaye nikarudi nyumbani Kilwa Kivinje kama mwalimu mkuu msaidizi, nikidhani nitastaafia pale, karibu na makaburi ya wazazi wangu. Ndipo ikaja barua ya kunipandisha kuwa mwalimu mkuu.

Wilaya niliyopelekwa sitaitaja, na kijiji nitakiita Mnangoto, maana waliopo huko bado wapo kazini na sitaki wahojiwe kwa sababu ya mdomo wangu. Shule ilikuwa na darasa la awali na madarasa saba. Walimu tulikuwa watatu: mimi, mwalimu mmoja mtu mzima aliyeshika madarasa ya chini, na Baraka, kijana wa Dar es Salaam, aliyefundisha hisabati na sayansi. Baraka alikuwa na maneno mengi ya mjini na suruali za kubana, ila hisabati aliijua na watoto walimpenda. Wakati huo huo, shule ya mjini, hatua chache kutoka ofisi ya elimu, ilikuwa na walimu waliozidi ikama. Pale ndipo walipopelekwa wenye waume maofisini, wenye wajomba maofisini, na wenye vyeti vya daktari visivyowaruhusu kukaa mbali na lami.

Elimu bila malipo ilipotangazwa, niliandikisha watoto ambao kaka zao na dada zao hawakuwahi kukanyaga shule. Nilifurahi mpaka machozi yakanitoka, na asije mtu kuniambia kwamba ninaipinga. Kinachonichoma ni kwamba watoto waliongezeka, walimu wakabaki walewale watatu. Ruzuku ya uendeshaji, fedha inayoletwa shuleni kwa kichwa cha kila mtoto, ilitosha chaki, karatasi za mitihani na pengine kufuli. Paa likitoboka, tulihamisha watoto kwenye kona kavu. Wazazi waliokuwa wakichangia uji waliacha, kwa sababu redio iliwaambia kila kitu kimelipwa. Siwalaumu, hata mimi niliisikia redio hiyo.

Matokeo ya darasa la saba yalipotoka mwaka ule, Mnangoto ilikuwa ya mwisho wilayani. Tukaitwa kwenye kikao cha tathmini. Ukumbi ulipambwa kwa vitambaa, kulikuwa na spika kubwa, mshereheshaji wa kukodi, fulana zenye maandishi ya kuhimiza ufaulu, na maji ya chupa kwa kila mtu. Nilikaa nikijiuliza gharama ya zile fulana ingeezeka madarasa mangapi. Shule ya mjini ikapewa ngao na kompyuta, mwalimu mkuu wake akacheza mpaka jukwaani. Halafu muziki ukabadilishwa, ukawekwa wa kuchekesha, na Afisa Elimu akaonyesha kitu kilichofunikwa kwa kitambaa chekundu.

"Ndugu walimu, mwaka huu tumekuja na ubunifu," alisema. "Shule iliyoshika mkia itaondoka na zawadi yake. Itakaa juu ya meza ya mwalimu mkuu, iwe kumbusho, mpaka aje kumkabidhi mwenzake mbele yetu hapa. Mwalimu Mkuu wa Mnangoto, karibu mama!"

Kitambaa kikavutwa. Kilikuwa kinyago cha mtu aliyejikunja, mdomo wazi, macho yametoka, ulimi nje, mikono kichwani. Ukumbi mzima ukacheka. Walicheka hata wale ambao shule zao zilituzidi kwa nafasi moja au mbili, na nadhani hao ndio waliocheka kwa sauti kubwa zaidi. Nilikuwa na umri wa kuwa mama wa yule Afisa Elimu. Nilipanda jukwaani nikakipokea, kwa sababu nimelelewa kupokea kwa mikono miwili kila ninachopewa na mkubwa wa kazi. Nilipokishusha, mikono yangu ilikuwa myeusi tii. Hata mpingo haukuwa mpingo. Ulikuwa mti mweupe wa kawaida uliopakwa kiwi ya viatu.

"Mheshimiwa, naomba kuuliza," nikasema palepale jukwaani. "Ikama ya Mnangoto ni walimu tisa, tupo watatu. Hao sita wanakuja lini?"

"Mwalimu, leo tunazungumzia matokeo," akajibu huku akitabasamu kwa ajili ya wapiga picha. "Masuala ya ikama ni ya kitaifa."

Basi nikarudi Mnangoto na kinyago kwenye kikapu. Kwa agizo, nikakiweka mezani. Mratibu wa elimu wa kata alipita wiki ileile kuhakikisha kipo. Jamani, huyu ni mtu ambaye hakuwahi kuja kuhesabu madawati, lakini kinyago alikuja kukihesabu.

Siku chache baadaye Zuhura, msichana wa darasa la sita, alileta madaftari ofisini. Alisimama akikitazama kinyago kwa muda.

"Mwalimu, huyu ni sisi?"

Nimezika wazazi, nimezika mume, lakini sijui kama niliwahi kuhisi uchungu wa namna ile. Nilikifunika kwa kanga na kumwambia arudi darasani. Nilikuwa nimechelewa, maana jina lilikuwa limeshafika kijijini. Sokoni watu walituita Shule ya Kinyago. Vijana wa bodaboda wakimpakia mwalimu wetu walimuuliza kama anashuka Kinyagoni. Wazazi wawili wenye uwezo wakawahamishia watoto wao kwa ndugu zao mjini.

Na Baraka akaja ofisini na barua ya kuomba uhamisho.

"Madam, nisamehe," alisema. "Mimi hapa siwezi tena. Nikienda likizo washikaji wananiuliza habari za kinyago, yaani imekuwa noma. Nikikaa hapa, CV yangu imekwisha."

"Na hisabati ya darasa la saba nani ataifundisha, mwanangu?"

Akaisogeza barua mezani. Barua yake ilijibiwa upesi kuliko barua yangu yoyote ya kuomba walimu, akapelekwa shule ya mjini, ambako ikama ilikuwa imejaa mpaka pomoni. Ndivyo ubunifu wa Afisa Elimu ulivyoinua kiwango cha elimu Mnangoto: tulikuwa watatu, tukabaki wawili.

Niliitisha mkutano wa wazazi. Mwenyekiti wa kamati ya shule, mkulima wa korosho aliyeitwa Mzee Nambunga, alisimama na kusema wazi kilichokuwa moyoni mwa wengi.

"Sisi watoto wetu si vinyago. Yupo binti yetu Rehema, amesomea ualimu wa hisabati, ana stashahada yake, miaka inapita anasubiri ajira nyumbani kwa mama yake. Tukiuza korosho kwenye chama cha msingi cha ushirika, tukatwe kidogo kwa kila kilo, tumlipe afundishe."

Mkutano ukakubali kwa vigelegele. Kwa kufuata utaratibu, niliandika kuomba kibali cha mchango, nikaipeleka barua mwenyewe. Afisa Elimu aliisoma nikiwa nimesimama.

"Bi Somoe, unataka kuniponza? Michango imekatazwa. Ikisikika huko juu kwamba wazazi wanakatwa, nitajibu nini?"

"Basi tuletee mwalimu wa serikali, mheshimiwa."

"Nimekwambia ikama ni suala la kitaifa."

"Kinyago je, nacho ni cha kitaifa?"

Akaniambia nitoke, na nilitoka. Lakini ninyi mnaosoma, hebu kaeni mtafakari jambo hili kama mimi nilivyolitafakari njia nzima ya kurudi. Serikali haikuleta mwalimu. Wazazi walipotaka kumlipa wa kwao, ikawakataza. Shule ilipofeli, ikaichekea. Fedha ya kuchonga kinyago na kukodi spika ilipatikana, na hakuna aliyeiombea kibali.

Nilipowarudishia wazazi majibu, wanaume walikasirika. Akanyanyuka mwanamke mmoja wa kikundi cha wakulima wa ufuta, akajifunga kanga kiunoni.

"Mwalimu, wamekataza hela. Wamekataza na ubwabwa?"

"Ubwabwa hawakuutaja," nikasema.

"Basi Rehema atakula kwetu kwa zamu."

Wale wanawake walifanya wanayoyajua. Huku kwetu mtu anapofiwa au binti anapotoka unyagoni, kina mama hugawana siku za kupika bila karatasi wala mkutano wa pili. Wakagawana siku hivyohivyo. Leo nyumba hii inapeleka ubwabwa na samaki, kesho ile inapeleka ugali na mbaazi, na wakati wa njaa, ghala zikiwa tupu, wanapeleka ming'oko iliyochimbwa porini. Walimpikia Rehema na mama yake, ili binti asilazimike kwenda kulima kibarua. Wakamlimia na shamba lake la ufuta. Nilitazama foleni ile ya makawa na vyungu asubuhi nikaona aibu kwa niaba ya watu ambao hawakuwa na aibu.

Rehema alifundisha hisabati kwa kokoto, kwa korosho, kwa kamba za kupimia mashamba. Msimu wa mpunga ulipofika hakusubiri watoto warudi, aliwafuata mashambani jioni na kuwapa mazoezi chini ya madungu ya kulindia ndege. Zuhura, yule wa kuuliza, alikuwa kinara wake. Mimi nilishika masomo mengine yote ya madarasa ya juu, nikapiga mstari katikati ya ubao kama nilivyoonyeshwa Kikole, katika umri ambao magoti yalikuwa yameanza kulalamika. Matokeo yalipotoka, Zuhura na wenzake wengi walifaulu. Hatukuwa wa kwanza wala wa kumi, lakini mkia haukuwa wetu tena.

Kikao cha tathmini cha mwaka huo kilikuwa cha mwisho kwangu kabla ya kustaafu. Ukumbi uleule, mshereheshaji yuleyule, fulana za rangi nyingine. Niliitwa jukwaani na kinyago changu ili nimkabidhi aliyeshika mkia. Alikuwa mwalimu mkuu kijana kutoka kisiwa kidogo, ambako walimu walikuwa wawili na maji bamvua yakijaa watoto hawafiki. Alisimama amevaa shati jipya. Alikuwa amelinunua kwa ajili ya siku hiyo, mikunjo ya dukani ilikuwa bado inaonekana.

Watu wakaanza kucheka kabla hata muziki haujawekwa. Nikakifunga kinyago ndani ya kanga yangu, nikakipakata.

"Simpi," nikasema kwenye kipaza sauti.

"Mama, huo ndio utaratibu," mshereheshaji akaninong'oneza.

Afisa Elimu akanyanyuka. "Mwalimu Somoe, hicho ni mali ya ofisi!"

"Ndiyo mali pekee ya ofisi iliyowahi kufika Mnangoto, mheshimiwa. Nimeizoea." Nikamgeukia yule kijana. "Rudi ukakae, mwanangu. Hujafanya kosa lolote. Kosa ni la ofisi yetu."

Safari hii hakuna aliyecheka. Nilishuka na kinyago changu nikatoka nje, na yule kijana akanifuata mpaka barabarani kunishika mkono. Niliyalipa maneno ya mkaguzi wa Kikole siku ile, na nafurahi kwamba niliyalipa mbele ya watu.

Nilistaafu bila sherehe. Kiinua mgongo kilicheleweshwa kwa kisingizio kwamba sijakabidhi mali zote za ofisi, mpaka mtu mwenye busara huko juu alipouliza ni mali gani hiyo na hakuna aliyethubutu kumjibu kwa maandishi. Nipo nyumbani Kivinje sasa. Kinyago ninacho, kinazuia mlango wa jikoni usijifunge kwa upepo. Kiwi imetoka yote.

Ningependa kuwaambia vijana kwamba mambo yalikwenda vizuri baada ya hapo, lakini sikustaafu ili nianze kusema uongo. Rehema aliajiriwa. Tulimshangilia, kina mama wakampikia pilau la kumuaga, kwa kuwa hakuna aliyetarajia angepangiwa Mnangoto, na kweli hakupangiwa. Amepelekwa mkoa wa mbali, kwenye shule ambayo tayari ina walimu wa hisabati. Nafasi yake Mnangoto haikujazwa, kwa sababu kwenye makaratasi yao haikuwahi kuwa na mtu. Matokeo yaliyofuata, Mnangoto ikaanguka tena mkiani, na ofisi ikachonga kinyago kingine, kikubwa kuliko cha kwanza.

Mwalimu Mkuu aliyepokea nafasi yangu alinipigia simu jioni aliyorudi nacho.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Habari za huko?"

"Wamenipa kingine. Wamesema kikae mezani. Watoto wanakichungulia dirishani, mwalimu, sijui niwaambie nini. Nikiweke wapi?"

Nilimfikiria Zuhura amesimama na madaftari.

"Walimu mko wangapi?"

"Wawili, pamoja na mimi."

"Basi kiingize kwenye taarifa ya ikama. Kiandike mwalimu wa tatu. Ndiye pekee waliyekuletea."

Nilidhani atacheka tukayaacha hapo. Hakucheka. Mwisho wa mwezi alijaza taarifa kama nilivyomwambia, akaigonga muhuri, akaituma. Akaitwa wilayani kujieleza, akaenda amevaa tai. Alinisimulia mwenyewe kwamba meza nzima ya wakubwa ilimkodolea macho, na Afisa Elimu akamuuliza kwa ukali, akiwa ameishika ile karatasi: "Hiki kinyago chako kinafundisha somo gani?"

"Hisabati, mheshimiwa," akajibu. "Ndiyo nafasi iliyo wazi."

Wamempa barua ya onyo. Nafasi iko wazi mpaka leo.